Bia Iliyogoma Kutemwa

Kama wiki jana mama muuza maandazi alikufungia maandazi kwa ukurasa huu wa gazeti kabla hujausoma, usihangaike kukunjua mafuta. Nakupa kwa ufupi, maana kuna mtu ana kitu mdomoni na hatuwezi kumsubirisha.

Tulimwacha Mzee Amedeus wa Singe amekaa kwenye kigoda chake uani, mashavu yamevimba kama kiboko wa Ziwa Babati anapoibuka kutazama nani anaoga. Mdomoni mna funda la bia. Mbele yake wamepiga magoti wawili: binti yake Viola, yule muuza dawa za mifugo karibu na stendi, na Dominick, kijana wa Sigino, daktari wa ng'ombe, aliyekwenda Uskoti kusomea kwato akarudi na cheti, baridi ya mifupa, na ujuzi wa kupika bia.

Mila ya ukoo wa Mzee Amedeus haina mambo mengi. Mchumba analeta pombe aliyoipika mwenyewe. Baba wa binti anachukua funda, anawapulizia wote wawili usoni, pfuuu, kama mvua ya vuli. Wakilowa, wamekuwa mke na mume. Kanisani wataenda, ndiyo, lakini ni kumpelekea padri habari.

Sharti liko moja tu gumu. Baraka itemwe kabla ng'ombe hawajarudi nyumbani. Ng'ombe wakiingia, zamu yako imekwisha, anaitwa mwingine.

Na mwingine alikuwepo. Sadock, dalali wa madini, mgeni wa mji, alikuwa nje ya geti ndani ya gari lake refu, vioo juu, anasubiri ng'ombe kama watu wanavyosubiri basi la Arusha.

Basi. Mashavu yamejaa. Viola amefumba macho asiingiwe. Dominick amefumba yake. Tuliishia pale koo la mzee lilipotikisika.

Likapanda.

Likashuka.

Gluku.

Viola akafumbua jicho moja. Akajipapasa uso. Mkavu kama unga.

"Baba," akasema, "iko wapi?"

"Iko wapi nini?"

"Baraka."

Mzee Amedeus akajigusa kifuani, akateremka tumboni, taratibu, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

"Imepita," akasema.

Mama Viola akapiga makofi ya msiba. "Baba Viola! Umemeza ndoa ya mtoto?"

"Sikuimeza. Imejimeza."

Watu wote wakamgeukia Kandida. Huyu ni dada mkubwa wa Mzee Amedeus, shangazi yake Viola, mjane, ameokoka tangu mkutano mkubwa wa injili ule wa mvua ya mawe. Mila zote za ukoo ziko kichwani kwake, na anazitoa moja moja kama dawa ya watoto, huku akikutazama kama umemeza.

"Katika ukoo huu," akasema Kandida, "watu wametema maziwa. Wametema pombe ya asali. Babu yetu alitema pombe ya mtama ambamo panya alikuwa ameogelea, na ndoa ile ikazaa mapacha. Lakini kumeza? Sijasikia."

"Sasa shangazi," Viola akauliza, "kwa mila, inakuwaje?"

"Kwa mila, aliyeolewa ni utumbo."

"Dada!"

"Wewe ndiye umemeza, siyo mimi."

Mzee Amedeus akajitetea. "Nilikuwa naionja kidogo."

"Nani alikutuma uonje?" Mama Viola akadaka. "Baraka inaonjwa? Padri akikuwekea mkono kichwani, unamnusa kwanza?"

Hapo ndipo Dominick alipofanya kosa. Magotini vilevile, suruali mpya imeshashika vumbi, akainua kichwa, akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia matokeo ya mtihani:

"Lakini baba, samahani. Umeionaje?"

Viola akamfinya. Amechelewa.

"Leteni glasi," akasema Mzee Amedeus.

Wakaleta ile ya kabatini, anayonywea katekista. Mzee akaijaza kutoka kwenye pipa aliloleta Dominick, akaiinua juani. Bia ikawaka rangi ya shaba, na juu yake povu la rangi ya maziwa ya kuungua, limetulia, halina haraka na mtu. Akaisogeza puani. Akafumba macho. Akanusa kama anavyonusa masika yakiwa bado upande wa pili wa mlima Kwaraa.

"Mwanangu," akasema, "inaanza na mkate. Tena ule ukingo wake, ulioungua kidogo, ambao Mama Viola huuficha ale yeye."

"Mwongo huyu," akasema Mama Viola.

"Halafu inakuja sukari guru. Haikimbilii, inakuja imevaa viatu. Halafu huku nyuma kabisa, karibu na hili jino bovu, kuna moshi." Kidevu kikamtetemeka. "Moshi wa jikoni kwa mama yangu. Mama yangu amelala pale nyuma ya zizi miaka mingi. Leo amenipitia mdomoni. Mnataka nimteme?"

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo?

"Ni kimea, baba," akasema Dominick, na macho yalikuwa yanamng'aa. "Kule Uskoti bia yao ya asili hawatii uchungu mwingi, wanategemea kimea. Nimetumia shayiri ya Hanang. Maji yake ya kimea niliyachemsha, nikayachemsha, mpaka yakakaribia kuwa asali. Na hainywewi ya barafu. Ukiigandisha inanyamaza, haikwambii kitu."

"Ungeiepua mapema," akasema Viola kwa meno yaliyofungwa. "Ungeiacha ikaungua. Ungefanya chochote, Dominick, lakini umepika kitu ambacho mtu hawezi kukitema! Umekuja kunioa au kunizuia nisiolewe?"

"Nilitaka baba aipende."

"Ameipenda! Ndiyo balaa lenyewe!"

Mzee Amedeus akapangusa macho. "Msigombane. Safari hii natema. Pigeni magoti vizuri. Viola, kaza uso. Natema."

Akachukua funda. Mashavu yakajaa. Akavuta pumzi puani. Akainama mbele.

Gluku.

"Baba!"

"Ilikuwa inatoka," akasema mzee kwa mshangao wa kweli. "Nimeiona inatoka. Imegeukia njiani."

Mama Viola ndiye aliyepata wazo. "Dada Kandida ateme. Ni mkubwa wa ukoo, ana haki. Na ameokoka, pombe haimo mwilini mwake. Haijui njia."

Kandida akakunja uso kama ametajiwa mganga. "Mimi? Mdomo huu unaoimba pambio?"

"Hunywi, wifi. Unatema tu. Kutema siyo dhambi."

Kandida akafikiri. Akatazama juu mbinguni, akatazama pipa. "Basi kwa ajili ya mtoto," akasema. Akainua glasi kwa vidole viwili, kama anashika panya kwa mkia. Akafumba macho. Akaingiza funda.

Mashavu yake yakavimba. Viola na Dominick wakakaza nyuso.

Kandida akatulia. Akatulia zaidi. Kichwa chake kikaanza kwenda kushoto na kulia, polepole, kama kwaya inapoanza wimbo wa sadaka.

Gluku.

"Nimekosea," akasema, macho bado yamefumbwa. "Nipeni nyingine nisahihishe."

Wakampa ya kusahihisha. Akaikosea nayo.

"Hii ya tatu siyo kosa langu," akasema baadaye. "Glasi yenu ni ndogo, funda halikai vizuri."

Huko nje Sadock akapiga honi mara moja. Na nyuma ya honi, mbali, upande wa mabonde, zikasikika kengele za ng'ombe.

Viola akasimama. Akamvuta Dominick mkono hadi nyuma ya jiko.

"Sikiliza. Bia yako inabidi iharibike."

"Iharibike?"

"Mama ana chupa ya mwarobaini uliochemshwa. Ule anaomnywesha mtu mwenye homa mpaka homa inaomba msamaha. Tunaumimina mle ndani. Baba ataitema pamoja na glasi yake."

Dominick akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani. Mngesema ameambiwa amnyonge mtoto.

"Viola. Mwarobaini? Kwenye hii?"

"Dominick, unanipenda mimi au unalipenda pipa?"

Dominick akamtazama Viola. Akaligeukia pipa kule uani. Akamtazama Viola tena.

"Usiniulize hivyo," akanong'ona, "wakati linasikia."

Jamani, wanaume. Mimi nimezika mmoja na bado sijawaelewa.

Viola hakungoja ruhusa. Akaingia jikoni, akatoka na chupa, akaenda moja kwa moja kwenye pipa akaipindua mpaka tone la mwisho. Dominick akageuza uso ukutani. Kengele zilikuwa zimefika kwenye mgomba wa jirani.

"Baba, haraka!"

Mzee Amedeus akajaza glasi. Wachumba wakapiga magoti. Funda likaingia. Safari hii uso wa mzee ukabadilika. Nyusi zikapanda. Pua ikakunjika. Viola akaanza kutabasamu, akatandaza mikono apokee.

Gluku.

Mzee akaichungulia glasi.

"Nani," akauliza Mzee Amedeus, "ameirekebisha?"

"Ameiharibu, baba," akasema Viola. "Kuiharibu!"

"Hapana. Pale mwanzo utamu ulikuwa umekaa peke yake, kama mgeni asiye na wa kuongea naye. Sasa amepata mwenzake. Wamekaa wawili, wanazungumza." Akajimiminia nyingine. "Ilikuwa bia nzuri. Sasa ni bia."

Dominick akaruka kutoka magotini. Akapokea glasi, akaonja, macho yakamtoka. "Viola! Kweli! Ule uchungu unakaa pale pale palipokuwa na pengo! Umeweka kiasi gani? Chupa nzima? Chupa ilikuwa imejaa au ilipungua shingoni? Kumbuka, Viola, ni muhimu!"

Viola akajipiga paji la uso, akakaa chini.

Na ng'ombe wakafika.

Wa mbele alikuwa jike mwekundu mwenye pembe moja, mtu mzima, asiyependa kucheleweshwa. Akaingiza kichwa getini.

"Ameingia!" akapiga kelele Sadock kutoka dirishani.

"Hajaingia!" akajibu Mama Viola. "Kichwa siyo ng'ombe!"

Wote wakamgeukia Kandida, ambaye alikuwa ameegemea pipa kwa heshima. "Kwa mila," akasema, "ng'ombe ameingia mkia ukiingia."

Dominick ni daktari wa ng'ombe. Alitoka mbio, akaruka uzio, akaudaka mkia wa yule jike kutokea nje, akaukaza. Ng'ombe akasimama katikati ya geti, nusu nyumbani, nusu safarini, akageuka kumtazama kama anayesema, nimeshikwa na wengi lakini siyo kwa sababu hii.

"Baba, tema!" akapiga kelele Dominick. "Nitemee hukuhuku!"

"Njoo upige magoti!"

"Nimepiga! Nimepiga nyuma ya ng'ombe!"

Mzee Amedeus akatoka mbio na glasi, kigoda kwapani. Viola akapiga magoti upande wa kichwa, Dominick amepiga upande wa mkia, ng'ombe katikati. Mzee akajaza mdomo. Akalenga juu ya mgongo wa ng'ombe, apate kuwalowesha wote wawili kwa mpigo.

"Tema, Baba Viola!" akalia Mama Viola. "Mfikirie mtu unayemchukia!"

Mzee akamfikiria. Tukaona amemfikiria, maana mishipa ya shingo ilimsimama. Midomo ikaanza kufunguka.

Gluku.

"Nimemsamehe," akasema mzee kwa sauti ya unyonge.

Mkia ukamponyoka Dominick. Ng'ombe akaingia, na nyuma yake wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka ndama. Zizi likafungwa.

Zamu ya Dominick ikawa imekwisha.

Mlango wa gari refu ukafunguka. Sadock akashuka, miwani myeusi, viatu vyenye ncha, na mikononi amekumbatia kibuyu. Ninyi mmeona vibuyu. Hamjaona hiki. Kiling'aa mpaka kuku wakakimbia.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Shangazi, shikamoo."

"Marahaba," wakaitikia, macho kwenye kibuyu.

"Kimefanywa nini hicho?" akauliza Mama Viola.

"Vanishi, mama. Nilikiona kimepauka, nikaona siwezi kuja ukweni na kitu kimepauka. Nikakipeleka kwa fundi makochi. Kapiga mikono miwili, nje na ndani."

"Na ndani?"

"Mimi sifanyi mambo nusunusu, mama."

"Na pombe umepika mwenyewe?" akauliza Mzee Amedeus.

"Ya mtama. Nimepika mwenyewe kabisa, kwa simu. Mwanzo mpaka mwisho nilikuwa hewani na mpishi."

Macho yote kwa Kandida. Kandida akakohoa. "Sauti yake ilikuwepo jikoni," akasema. "Inatosha."

Dominick alikuwa amesimama karibu. Upepo ukavuma kutoka upande wa kibuyu ukamfikia puani, na damu ikamhama usoni. Pua yake ilizoea kupima kimea, haikuhitaji glasi. Mle ndani mlikuwa na mtama uliochacha, na juu ya mtama, karakana nzima ya makochi.

Hakuna binadamu wa kumeza kitu kile. Mzee akikigusa tu kwa ulimi, kitatemwa mpaka kijiji cha Mutuka. Na mbele ya mdomo huo angekuwa amepiga magoti Viola, pamoja na Sadock. Pfuuu moja, na Viola ni mke wa dalali.

Viola naye alikuwa ameshanusa. Baba yake akamwonyesha mahali, naye akapiga magoti kwa kuwa binti wa ukoo ule hapewi nafasi ya kukataa kabla ya kulowa. Lakini wakati anainama, akampitia Dominick sikioni.

"Itengeneze."

"Nitengeneze nini?"

"Pombe yake. Iwe tamu. Baba ameze."

Dominick akaganda. Halafu uso wake ukafunguka kama dirisha la duka. Tangu asubuhi mapenzi yalikuwa yanamvuta huku na pipa linamvuta kule. Sasa, kwa mara ya kwanza, vyote viwili vilikuwa vinamwambia neno moja: nenda kachote.

Akachota jagi. Shida ilikuwa kulifikisha. Kibuyu kilikuwa kimewekwa nyuma ya kigoda cha mzee, na mlinzi wake kwa mila alikuwa Kandida.

"Shangazi," akanong'ona. "Nifunike na kitenge."

"Nikufunike kwa sababu gani?"

"Kuna kitu nataka kuongeza humo."

"Mwanangu, unataka nivunje mila ya mababu zangu? Mimi, mtu wa madhabahu?"

"Bia yote iliyobaki pipani itakuwa yako."

"Ingia upesi," akasema Kandida, akafungua kitenge.

Sadock hakuona. Alikuwa magotini kando ya Viola, mkono mmoja juu na simu, anatafuta pembe nzuri ya picha. "Dada Viola, tabasamu basi. Usikae kama uko kwa daktari wa meno." Viola hakutabasamu. Macho yake yalikuwa kwenye kile kitenge nyuma ya baba yake, ambacho sasa kilikuwa na vichwa viwili na kilikuwa kinatoa sauti ya kumiminika.

Wasomaji wangu mnaopika mnajua neno moja ambalo Dominick, kwa haraka, alilisahau. Kitu ukikimimina mwisho na usikikoroge, kinakaa juu. Bia ya Kiskoti ilikaa juu, tulivu, imetandaza povu lake. Vanishi ikakaa chini, ikangoja.

"Kibuyu!" akaita Mzee Amedeus bila kugeuka.

Kandida akakipitisha begani kwake. Hakukuwa na glasi tena; mzee akakiinua na kunywea mdomoni. Cha juu kikaingia kwanza.

Nyusi za mzee zikapanda. Alitegemea mtama. Badala yake ukaja ukingo wa mkate. Ikaja sukari guru, imevaa viatu. Ukaja moshi wa jikoni kwa mama yake. Na mzee, ambaye hakuwa mjinga, akaelewa. Mashavu yamejaa, macho yamejaa, akageuza shingo nyuma amtazame yule kijana wa Sigino aliyeweza kumleta mama yake hata ndani ya kibuyu cha mtu mwingine.

Akainua kibuyu kidogo zaidi, mdomo bado umefungamana nacho, aongeze tone la kumeza vizuri.

Na nyuma ya mama, akaingia fundi makochi.

PFUUUUUU!

Haijawahi kutemwa baraka kama ile Singe. Kuku waliokuwa juu ya jiko walishuka. Ilitoka na povu, ikatoka na mtama, ikatoka na sauti, na yote, kwa kuwa shingo ya mzee ilikuwa imegeukia nyuma, ikatua pale pale kwenye kitenge kilichofunguliwa.

Viola, mbele, uso mkavu.

Sadock, kando yake, miwani mikavu, simu juu, picha imeshapigwa.

Na nyuma ya kigoda, wamesimama bega kwa bega chini ya kitenge kimoja, wamelowa kuanzia nywele mpaka kidevuni, wakidondosha matone kwa pamoja kama paa moja: Dominick na shangazi Kandida.

Hata yule ng'ombe mwenye pembe moja alisogea kwenye uzio kuangalia.

"Haihesabiki," akasema Viola. Akasimama. "Shangazi, sema haihesabiki. Pombe ilikuwa ya Sadock!"

Watu wote wakamgeukia Kandida, maana mila ziko kichwani kwake, na sasa mila zilikuwa zinamchuruzika mpaka shingoni. Kandida akatoa ulimi taratibu, akalamba mdomo wa juu. Akafikiri. Akalamba wa chini.

"Ya Sadock imo," akasema. "Lakini nyingi ni ya Dominick. Ameipika mwenyewe, ameileta mwenyewe. Na mwenye pombe amelowa."

"Zamu yake ilikuwa imekwisha! Ng'ombe walishaingia!"

"Zamu iliyokuwa imekwisha ni ya kukuoa wewe," akasema Kandida kwa upole mkubwa. "Mimi hakuna aliyeniwekea zamu."

"Wifi!" akasema Mama Viola. "Wewe umeokoka!"

"Kuolewa siyo dhambi. Someni."

Maji ya vanishi yalimdondoka Dominick puani. "Mzee," akasema kwa sauti ya mbuzi aliyeachwa stendi, "baba, tafadhali, ilijitema yenyewe, ni fu... fundi makochi..."

"Mimi nimetema," akasema Mzee Amedeus, akipangusa midomo, na sauti yake ilikuwa na huzuni. "Siku nzima mmenililia niteme. Nimetema. Katika ukoo huu kilichotemwa hakirudishwi mdomoni. Ningeweza kukirudisha, mwanangu, mbona ningekirudisha hata sasa, ile ya juu."

Kandida akajifunga kitenge chake upya. Akamwangalia Dominick toka kichwani mpaka kwenye magoti yaliyojaa vumbi, kama mtu anavyotazama ng'ombe aliyempata kwa bahati nasibu. Akamshika mkono.

"Mume wangu," akasema, "umelowa, utapata homa." Halafu akageuka. "Viola, mwanangu. Mbona umesimama kama mti? Msalimie mume wa shangazi yako."

"Sitaki!"

"Viola!" Mzee Amedeus akakemea. Alikuwa amevumilia mengi siku ile, lakini utovu wa heshima mbele ya wageni hapana. "Umelelewa wapi wewe? Msalimie mtu!"

Mama Viola naye akamkazia lile jicho. Mnalijua. Jicho ambalo ukiwa na watoto wako na nyumba yako bado linakurudisha darasa la kwanza.

Machozi yalimjaa Viola. Lakini malezi ni kitu kibaya sana, yanakaa ndani ya goti, yanakupinda kabla hujaamua. Goti likapinda.

"Shikamoo," akasema Viola.

Usijibu, Dominick, ukiitikia umeikubali ndoa. Mama Viola alikuwa anamkonyeza usijibu. Sadock mwenyewe, kwa huruma tu ya kiume, alikuwa anamtikisia kichwa usijibu.

Lakini Dominick alikuwa kijana wa Sigino, mtoto wa watu, aliyelelewa vizuri kuliko wote.

"Marahaba," akaitikia.